Mama ameanza insulini lakini famasi inampa stripi 100 tu za kupimia sukari kwa miezi mitatu. Tatizo liko wapi?

#1 Binti_Korogwe
Wakuu, salaam. Niko Texas, naishi na mama yangu mzazi, ana miaka 71. Alikuja kwa grini kadi niliyomwombea, akakaa miaka yake mitano ndipo akaruhusiwa kuingia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Hajawahi kufanya kazi Marekani, kwa hiyo Part A (ya kulazwa hospitali) ya bure hana. Tunamlipia Part B (ya madaktari na vifaa tiba), pamoja na Part D ya dawa.

Kisukari anacho tangu yuko Korogwe, na miaka yote alikuwa mtu wa vidonge. Mwaka huu figo zimeanza kuchoka, daktari akamwanzishia insulini mbili, moja ya usiku na nyingine ya kabla ya kula, akaandika apime sukari mara nne kwa siku. Famasi ikatoa makopo mawili ya stripi hamsini hamsini. Wanasema hiyo ndiyo haki yake kwa miezi mitatu, akitaka zaidi tulipe mfukoni.

Stripi 100 kwa miezi mitatu ni kama moja kwa siku. Mtu anayejichoma kabla ya kila mlo atajuaje achome kiasi gani? Juzi sukari ilimshuka usiku, nikamkuta analowa jasho, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Nauliza mliopitia haya: ni sheria ya Medicare, au ni hii famasi?

#2 Mzee_wa_Pugu
Pole sana kwa mama. Nilidhani huko kwenu mambo haya yaliisha zamani.

#3 Nesi_Zuwena
Pole mdogo wangu. Nafanya kazi kliniki ya kisukari Ohio, hili naliona kila wiki.

Stripi, sindano za kutobolea kidole na mashine ya kupimia vyote viko Part B, kwenye fungu la vifaa tiba. Anayetumia insulini ana haki ya stripi 300 na sindano za kidole 300 kila miezi mitatu. Asiyetumia insulini anapata 100 na 100. Kwa hiyo famasi haikubuni hiyo mia. Inamhesabu mama kama mtu wa vidonge.

Mara nyingi kosa liko kwenye herufi mbili. Famasi ikituma madai ya malipo kwa Medicare lazima iweke KX kama mgonjwa anatumia insulini, au KS kama hatumii. Mama alikuwa KS miaka yote, na naona kompyuta yao bado inatuma KS. Waulize hivyo hivyo: "Madai ya mama mmeyatuma kwa KX au KS?" Na agizo jipya la daktari liseme wazi kwamba anatumia insulini.

La pili ni kubwa kuliko stripi. Huko kushuka sukari usiku, daktari ameambiwa? Figo zikichoka, insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo dozi iliyofaa mwezi uliopita inaweza kuwa nyingi leo. Usisubiri miadi, piga simu leo.

#4 Kibatari
Nesi kasema vizuri, ila mimi naona chanzo kingine. Hiyo Medicare ni ile ya serikali yenyewe, au ni Advantage ya kampuni binafsi? Wazee wengi hawajui waliandikishwa nini. Mipango ya Advantage ina stripi za chapa yake na famasi zake, ukitoka nje ya hapo wanakubana. Angalia pochi ya mama. Kadi ya serikali ina nyekundu, nyeupe na bluu. Ukikuta kadi nyingine ya kampuni, umeshapata jibu.

#5 Binti_Korogwe
Asante Nesi, daktari nimempigia, dozi ya usiku imepunguzwa. Famasi nitawauliza hizo herufi.

@Kibatari kadi ya rangi hizo anayo, na ya kampuni pia anayo. Mwaka jana kuna kijana wa bima alikuja kanisani akaandikisha wazee kadhaa, mama akiwemo.

#6 Kibatari
Si nilisema? Hapo hapo.

#7 Mhasibu_wa_Dallas
Taratibu, Kibatari. Kuingia Advantage lazima uwe na Part A na Part B zote mbili. Mleta uzi kasema mama hana A. Kwa kanuni hiyo hawezi kuwa Advantage hata huyo kijana angetaka. Part D ndiyo inayoruhusiwa ukiwa na mojawapo, A au B. Kadi ya kampuni aliyonayo ni ya Part D, ya dawa.

Niwape na hesabu, maana wengi wanadhani Part B ni bure. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, 2026 imepanda hadi dola 202.90. Kabla bima haijaanza kulipa, kwa mwaka huu unatoa mwenyewe dola 283 za kwanza. Baada ya hapo inalipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, 20 ni yako. Stripi ziko ndani ya hesabu hiyo hiyo.

#8 Kibatari
Kanuni naijua, ila nimeona watu wakiandikishwa vitu wasivyostahili, baadaye ndipo yanafumuka. Na hata kama ni kadi ya Part D tu, hapo napo pana mtego. Kaunta wanachanja kadi ya kwanza wanayopewa. Part D hailipi stripi, inalipa insulini na sindano za kuchomea. Wakipeleka madai ya stripi kwenye kadi ya dawa yanarudi. Huenda hata hizo 100 hazikulipwa na Medicare, zimetoka kwa punguzo la famasi. Binti, risiti inasema nani kalipa?

#9 Mtu_wa_Voi
Mimi niko Minnesota, mzee wangu alikwama hivyo hivyo. Famasi tatu tofauti zikamkatalia stripi na hakuna aliyesema kwa nini. Mwisho tukagundua anavaa sensa, kile kipima sukari cha kubandika mkononi, na ilikuwa inaletwa na kampuni nyingine kwa posta. Medicare ikishalipia sensa ya aina inayotumika kuamulia dozi, malipo ya kila mwezi ya sensa yanahesabiwa kuwa yamebeba na stripi za akiba. Ukienda kudai stripi pembeni inakataa, inaona mnadai kitu kimoja mara mbili. Binti, mama ana sensa?

#10 Binti_Korogwe
Mtu wa Voi, umenishtua. Kliniki walimbandika moja ya kujaribu, akaivaa mpaka muda wake ukaisha. Walisema ni ya bure na kwamba wataomba ya kudumu. Haijafika. Kama kuna karatasi zilizotumwa kwa jina lake mimi sijui.

@Kibatari risiti imeandika "bima" tu, bila kutaja ipi.

#11 Nesi_Zuwena
Sensa ya majaribio ya kliniki huwa haigusi stripi za nyumbani, ni kipimo cha ofisini. Nashikilia KS na KX.

Lakini sensa yenyewe ifuatilieni kwa nguvu. Zamani Medicare ilidai mgonjwa athibitishe anapima mara nne kwa siku ndipo apewe, sharti hilo liliondolewa 2021. Aprili 2023 wakalegeza tena: anayetumia insulini ya aina yoyote anastahili, hata kama ni sindano moja kwa siku. Hata asiyetumia insulini anaweza kupata kama ana historia ya kushuka sukari vibaya. Mama yako anatimiza masharti mara mbili. Sensa inapiga kelele sukari ikishuka saa nane usiku, jambo ambalo stripi haiwezi hata upewe elfu.

#12 Mtu_wa_Voi
Sawa Nesi, ila kama kliniki walituma ombi la kudumu na kampuni ya sensa ikaanza kudai kabla ya kutuma mzigo? Kwa mzee ilikuwa hivyo, madai yalitangulia sensa.

#13 Mwanakwerekwe
Asalaam alaykum. Naona nyote mnarukia bima, hebu tupige hesabu ya daktari kwanza. Kaandika mara nne kwa siku. Nne mara siku 90 ni 360. Kiwango cha kawaida cha mtu wa insulini ni 300. Agizo hilo limevuka kiwango, na likivuka linataka ushahidi wa ziada: daktari awe amemwona mgonjwa ndani ya miezi sita kabla ya agizo, na faili lieleze kwa nini anahitaji zaidi. Famasi nyingi hazitaki hizo karatasi kwa sababu zinaogopa kukaguliwa na kurudisha pesa. Wanaona rahisi kumpa mtu 100 wakanyamaza.

Mimi ningeomba daktari aandike mara tatu kwa sasa, mama apate 300 bila mabishano, halafu hiyo ya nne ishughulikiwe kwa karatasi.

#14 Nesi_Zuwena
Mwanakwerekwe hesabu yako ni sahihi, na mara tatu kama njia ya kuvuka mto naikubali. Lakini agizo likizidi 300 bila ushahidi wanapaswa kuulizia kile kinachozidi. Kushuka mpaka 100 hakuelezeki kwa hilo.

#15 Mwanakwerekwe
Wanapaswa, ndiyo. Wanafanya? Shemeji yangu agizo zima lilirudishwa.

#16 Babu_Mrefu
Nasoma kutoka Morogoro, mstaafu wa ualimu. Nasi tuna mfuko wetu wa bima ya afya, NHIF, ulioanza kazi 2001, mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Nami ni mgonjwa wa sukari, ndiyo maana nafuatilia. Swali langu: ninyi mnaopewa stripi mia tatu, zinazobaki mnafanyia nini? Mjukuu wangu yuko Houston.

#17 Mama_Chapati
Babu kaja na ombi lake kiungwana kabisa 😄

#18 Mhasibu_wa_Dallas
Babu, shikamoo. Stripi zilizolipwa na Medicare ni za huyo mgonjwa peke yake, kuzigawa au kuziuza ni kosa linaloweza kumwingiza mjukuu wako matatani. Akitaka kukusaidia anunue za dukani kwa pesa yake. Zipo za chapa za maduka makubwa ambazo bei yake ni nafuu na hazihitaji agizo la daktari.

#19 Nesi_Zuwena
Babu, shikamoo, mwambie mjukuu na hili: stripi ya chapa moja haisomeki kwenye mashine ya chapa nyingine. Mjukuu atume mashine na stripi zinazoendana, aangalie tarehe ya mwisho, na zikae kwenye kopo lake lenye kifuniko. Joto na unyevu vikiingia, namba inadanganya.

Binti, na wewe hizo za bei nafuu zikusaidie wiki hizi wakati mnapambana. Usimpunguzie mama vipimo ukisubiri famasi.

#20 Mkivu_Louisville
Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Kentucky. Natia jambo ambalo hamjataja. Mama yangu mdogo alipigiwa simu na mtu anayesema anatoka Medicare, akaambiwa atapewa mashine mpya ya sukari bila kulipa kitu, atoe tu namba ya kadi. Akatoa. Hakuna mashine iliyofika. Lakini kwa jina lake zilidaiwa stripi na mikanda ya mgongo. Alipokwenda famasi yake akaambiwa stripi zake zimeshatoka. Binti, soma ile taarifa ya madai ambayo Medicare inatuma nyumbani, uone kama kuna jina la kampuni msiyoijua. Medicare haipigii mtu simu kumpa mashine.

Tena naomba kuuliza. Hapa kwetu kuna maneno kwamba wakimbizi wanaondolewa Medicare. Wazee wengi wa kutoka Congo wana sukari. Ni kweli?

#21 Mhasibu_wa_Dallas
Kaka Mkivu, ni kweli kwa sehemu. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebana orodha ya wasio raia wanaostahili. Mwenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi peke yake ametolewa, na waliokuwa tayari ndani walipewa miezi 18, yaani hadi Januari 2027. Lakini mwenye grini kadi amebaki kwenye orodha, kwa masharti yale ya zamani. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi akishakaa mwaka mmoja. Wazee waliokaa miaka na hawajaomba ndio walio hatarini. Waombe sasa, wasisubiri barua.

#22 Mkivu_Louisville
Aksanti sana. Nitasoma maneno haya kanisani jumapili.

#23 Mama_Chapati
Jamani mnaongea karatasi tu, mama anakula nini? Shangazi yangu alipunguza ugali, akaweka mboga nusu ya sahani, sukari ikatulia bila hizi stripi zenu.

#24 Kibatari
Wewe na jina lako hilo unatushauri tupunguze wanga?

#25 Mama_Chapati
Chapati napika, sijasema nazila zote 😂

#26 Nesi_Zuwena
Sahani ya mboga nusu ni ushauri mzuri, lakini kwa mtu anayechoma insulini ya kabla ya kula, kupunguza wanga bila kupima ndiyo njia ya haraka ya kushuka. Chakula na kipimo vinakwenda pamoja.

Umenikumbusha kitu ambacho wazee wetu hawakitumii. Part B inalipia mafunzo ya kujisimamia kisukari, mpaka saa 10 kwa mwaka wa kwanza, saa moja peke yako na tisa kwenye kundi. Daktari ndiye anayekuandikia. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yake. Mama akakae na mtaalamu wa lishe, amwambie anakula ugali wa dona na kisamvu, wapange dozi kwa chakula anachokijua badala ya kumpa karatasi yenye picha ya brokoli. Na kwa vile figo zimeguswa, ushauri wa lishe wa figo nao unalipiwa. Miguu je? Kama ina ganzi au vidonda, kuna viatu maalumu, jozi moja kwa mwaka.

#27 Pwani_Mchangani
Na Ramadhani? Mamangu ana hali hiyo hiyo, anataka kufunga, nasi hatuna la kumjibu.

#28 Mwanakwerekwe
Fungua uzi wako ndugu yangu, ni suala zito. Kwa ufupi kutoboa kidole hakufunguzi, basi asiache kupima mchana. Daktari apange dozi upya kabla ya mwezi kuandama, na mwenye hatari ana ruhusa ya kutofunga.

#29 Binti_Korogwe
Nimerudi. Famasi wanasema walituma KX tangu mama alipoleta agizo jipya. Kliniki wanasema agizo jipya lilitumwa kwa kompyuta. Famasi wanasema walilopokea ni la zamani lililoongezwa muda. Kila upande una karatasi yake.

Taarifa ya Medicare nimeipata kwenye droo ya mama. Kuna dai moja la vifaa vya kisukari kutoka kampuni iliyo jimbo lingine, jina silijui. Halielezi kama ni sensa au stripi, kuna namba tu.

Halafu naomba mniambie na hili: insulini tunalipa dola 70 kwa mwezi. Si walisema ni 35?

#30 Kibatari
Hapo mnaibiwa. Sheria ya 2022 inasema isizidi 35.

#31 Mhasibu_wa_Dallas
Haibiwi. Kikomo cha dola 35 kwa mwezi ni kwa kila aina ya insulini iliyo kwenye orodha ya mpango wake, na kilianza Januari 2023. Mama ana mbili, ya usiku na ya chakula, ndiyo 70. Sindano za kuchomea haziingii kwenye kikomo hicho, zina malipo yake. Ila kama kipato cha mama ni kidogo, aombe Extra Help, itashusha gharama za Part D. Na ofisi ya jimbo inaweza kumlipia hata ile 202.90 ya Part B akikidhi vigezo. Wengi wanaostahili hawajaomba.

#32 Mtu_wa_Voi
Kampuni ya jimbo lingine! Hiyo ni ya sensa. Ya mzee wangu ilikuwa hivyo hivyo.

#33 Mkivu_Louisville
Au ni wezi wa simu. Ya mama yangu mdogo pia ilikuwa jimbo lingine.

#34 Nesi_Zuwena
Namba iliyo kwenye dai itasema yenyewe. A4253 ni stripi, sanduku la hamsini. A4239 ni malipo ya mwezi ya sensa. Iangalie, utuambie.

#35 Mwanakwerekwe
Na agizo la zamani lililoongezwa muda je? Likiwa na maneno ya vidonge, hata wakiweka KX halikubaliki. Mimi sijaondoka kwenye karatasi za daktari.

#36 Mhasibu_wa_Dallas
Binti, usibishane peke yako. Kila jimbo lina ofisi ya SHIP, washauri wa bure wa Medicare, hawauzi bima yoyote. Chukua kadi zote mbili, taarifa hiyo, na nakala ya agizo la insulini. Ukipiga 1-800-MEDICARE pia omba mkalimani wa Kiswahili ili mama mwenyewe aweze kuongea, maana bila ruhusa yake hawatakueleza wewe. Waulize hiyo kampuni imedai nini na lini. Kama dai la stripi limekataliwa rasmi, una siku 120 tangu kupokea taarifa kukata rufaa. Ukiendelea kununua za mfukoni, tunza risiti.

#37 Binti_Korogwe
Nimeangalia. Ni A4239. Mama anaapa hajapokea kisanduku chochote, na kwenye mlango wetu hakuna aliyekiona. Jumatatu tunaanza na Medicare kwa simu, kisha SHIP. Asanteni nyote.

#38 Mtu_wa_Voi
Sensa hiyo 👆

#39 Mkivu_Louisville
Sensa isiyofika. Ulizeni sahihi ya aliyeipokea.

#40 Nesi_Zuwena
Na kliniki waulizwe ombi la sensa walilituma kampuni gani. Likiwa ni jina hilo hilo, mzigo unatafutwa. Likiwa jina jingine, ripoti siku hiyo hiyo na mama abadilishiwe namba ya kadi. Usiku huu mpime kabla ya kulala na tena saa tisa, na juisi iwe kando ya kitanda.